Jigso Imenyamaza, Marufaa Hazijakwisha: Kuchagua Msumeno Mpya wa Nyumbani



Makala ya wiki hii yanahusu kifaa ambacho pengine hamkutarajia kukikuta katika kurasa hizi za familia. Ni msumeno mdogo wa umeme, wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka mfano wa sindano ya cherehani, ambao mafundi wa mbao huuita jigso. Nyumba nyingi zina mtu anayechonga vitu vyake kibarazani: baba, kaka, kijana aliyemaliza shule, au mama mwenyewe. Siku kifaa chake kinapoharibika, swali linaloingia nyumbani huwa si la ufundi peke yake. Linagusa matumizi ya nyumba, ahadi tulizowapa watu, na mara nyingine halali na haramu. Mimi limenifika, nami nimeona niwasimulie ili anayefuata asipite nilipojikwaa.

Siku ya moshi

Mimi ni mtoto wa pwani, lakini kazi ya baba watoto ilituhamishia bara, kwenye vilima vya Kisii, mahali paitwapo Mosocho, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Kisumu. Waislamu hapa tu wachache. Majirani zetu wengi ni Wakristo, na shule mashuhuri ya eneo hili ina jina la Kadinali Otunga. Tunaishi nao kwa wema na kusaidiana. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na kwa kuwa sikujaaliwa kaka, mimi ndiye niliyemshikia mbao alipokuwa akipiga randa. Nilipofika Mosocho nikaanza kazi kibarazani: vigoda, rafu za vyombo, vitundikio vya nguo, na marufaa za kuwekea misahafu. Kazi hiyo ndiyo inayolipa karo ya binti yetu mkubwa.

Atakayeuliza mwanamke na useremala wapi na wapi, na akumbuke kwamba imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alipotaka mimbari alimpelekea ujumbe mwanamke wa Kiansari aliyekuwa na kijana wake seremala, na mimbari ikatoka katika nyumba ya mama huyo. Nabii Zakariya (A.S.) naye, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Muslim, alikuwa seremala. Basi mbao na msumeno si mambo ya kuonewa haya.

Mwezi wa Rajabu madrasa moja iliniagiza marufaa 30, ziwe tayari kabla ya Ramadhani, na ikanipa pesa za mbao mapema. Marufaa zangu ni za mbao mbili kila moja: kila ubao una mkato wa katikati unaofika nusu yake, ili mbao hizo zipishane na kusimama kama mikono miwili iliyofunguliwa kwa dua. Juu nazipa tao dogo. Mikato na matao yote hayo ni kazi ya jigso. Nilikuwa nimemaliza 18 nilipoanza kusikia harufu ya kuungua. Kabla sijanyanyua mkono, moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya ubavuni, jigso ikavuta pumzi moja ya mwisho, ikanyamaza.

Kilichonichoma moyo si bei yake. Pesa za madrasa zilikwisha kugeuka mbao, na mbao ziko ukutani zinanitazama. Hiyo ni amana ya watoto.

Baba watoto aliponiona nimeshika tama akasema, "Mama watoto, usijichoshe. Kwenye simu kuna mkopo wa dakika tano. Kesho shuka mjini ununue nyingine, tena kubwa kuliko hii." Nia yake ilikuwa njema, lakini ushauri wake ulikuwa na makosa mawili, na karibu nifanye yote mawili.

Muulize marehemu kwanza

Kabla ya kununua, niliichukua jigso yangu hadi kwa fundi wa mota mjini Kisii. Nilikwenda kwa tamaa tu ya kuambiwa kwamba inatengenezeka. Akaifungua, akainusa, akanitazama.

"Mama, hii haikufa leo," akaniambia. "Umekuwa ukiiua pole pole."

"Nimeiua vipi, nami naitunza kama mtoto?"

"Unakata mbao gani?"

Nikamwambia ni mkaratusi, kwani ndio uliojaa huku na bei yake ni nafuu. Akauliza kama umekauka. Nikanyamaza. Akauliza wembe niliutia lini. Nikakumbuka kwamba tangu mfungo uliopita. Akauliza kuhusu waya wa kuongezea umeme, nikamweleza kwamba ni mrefu, mwembamba, na kwamba huuacha umekunjwa kwenye gurudumu lake ili watoto wasijikwae.

Fundi yule alinipa darasa ambalo sikulipia. Mbao mbichi, hasa ya mti mgumu kama mkaratusi, huubana wembe kwa nyuzi zake zenye maji. Wembe ukiwa butu, mkono hulazimika kusukuma. Mota inaposukumwa huvuta umeme mwingi zaidi na hapo hapo huzunguka polepole, na kwa kuwa feni inayoipoza imefungwa kwenye mhimili ule ule, upepo nao hupungua pale joto linapozidi. Waya mrefu na mwembamba hupunguza nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye kifaa, na waya uliokunjwa huhifadhi joto lake mwenyewe. Mambo hayo matatu yakikutana, ngozi ya rangi inayozitenga waya za ndani ya mota huungua. Likishatokea hilo, kwa jigso ndogo, gharama ya kuisuka upya hukaribia ya kununua mpya.

Akaniongezea jambo ambalo kila mwenye kifaa cha umeme alijue. Si kila jigso iliyokoma imekufa. Ndani ya mota nyingi mna vipande viwili vya kaboni viitwavyo brashi, ambavyo kazi yake ni kulika. Zikiisha, kifaa hutoa cheche nyingi, hukatakata nguvu, kisha husimama. Brashi mpya ni kitu cha bei ndogo, na kuzibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Mara nyingine ni swichi, au waya uliokatika pale unapoingia kwenye mpini. Kwa hiyo usikitupe kifaa kabla hakijafunguliwa na mjuzi.

Ndipo nilipoliona kosa la kwanza. Ningenunua jigso kubwa na kuilisha mkaratusi mbichi kwa wembe ule ule na waya ule ule, ningeiua nayo, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kwanza inafaa kujua ile ya zamani imekufa kwa nini. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua mpya.

Mtoto wa cherehani

Kina mama wenzangu watafurahi kujua kwamba kifaa hiki kina nasaba na cherehani. Inaelezwa kwamba mwaka 1946, mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla huko Solothurn, Uswisi, aliitoa sindano ya cherehani ya mke wake akaweka wembe wa msumeno mahali pake. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa jigso ya mkononi, na mwaka 1954 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikainunua Scintilla.

Naitaja hadithi hii kwa sababu inasaidia kukifahamu kifaa. Mshonaji hodari hasukumi kitambaa. Huacha sindano ifanye kazi, naye huongoza tu. Tena hachagui cherehani kwa ukubwa wa mota, na anajua kwamba sindano ya hariri siyo ya jinzi. Jigso ni vivyo hivyo. Ni ya kukata mikunjo, matao na matundu katika mbao za unene wa wastani. Anayetaka kupasua mbao ndefu kwa mstari mnyoofu anahitaji msumeno mwingine, na kumtafutia jigso kubwa hakutamsaidia.

Niliyoyaangalia dukani

Nikaandika kwenye karatasi kazi zangu: mbao za unene wa inchi moja, plaiwudi, matao madogo, mikato ya marufaa. Kisha nikaenda dukani na karatasi hiyo mkononi, na haya ndiyo niliyoyauliza.

*Umeme.* Nchini Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240. Soma kibandiko cha kifaa kabla ya kusoma bei. Jigso iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwetu itaungua. Katika vifaa vya mtumba kutoka Uingereza mna mtego mwingine: kule, katika maeneo ya ujenzi, hutumiwa vifaa vya volti 110 vyenye plagi ya mviringo ya rangi ya manjano. Ni vifaa imara na huuzwa rahisi, lakini bila transfoma havitumiki nyumbani. Wapo wanaoikata plagi ya manjano na kuweka ya kawaida, kwa hiyo usiangalie plagi, soma kibandiko.

*Nguvu.* Kwa mbao za inchi moja, wati 500 hadi 700 zinatosha. Zaidi ya hapo unanunua uzito, na mkono utachoka kabla ya mbao kwisha.

*Kasi inayorekebishika.* Jigso nyingi nzuri hufika mapigo 3,000 kwa dakika, lakini muhimu ni kuweza kuipunguza. Mbao laini hupenda kasi. Chuma na plastiki hutaka polepole, ama sivyo wembe huungua na plastiki huyeyuka.

*Mwendo wa kupembea.* Hiki ni kitufe cha pembeni chenye namba 0 hadi 3 katika jigso nyingi. Kwenye 0 wembe hupanda na kushuka tu; kwenye namba za juu huenda pia mbele na nyuma, ukakata haraka lakini kwa ukali. Kwa plaiwudi na matao weka 0 au 1. Kwa mbao nene na laini panda.

*Mlango wa wembe.* Nyembe za siku hizi zina shina lenye umbo la herufi T. Jigso za zamani zilitumia shina la umbo la U, lililokazwa kwa skrubu. Nunua ya T, kwani ndiyo ambayo nyembe zake zimejaa madukani.

*Kitako.* Ni kile kibamba cha chini kinacholala juu ya ubao. Kiguse kwa vidole, ukijaribu kukitikisa. Kitako cha bati jepesi hupinda kikianguka mara moja, na tangu siku hiyo mikato yako yote itakuwa ya upogo. Kiwe kinene, kilale sawasawa, na kiweze kuinama hadi nyuzi 45 kwa mikato ya mshazari.

*Vipuri.* Muulize muuzaji: "Brashi zake zinapatikana? Zinafunguka kutoka nje?" Akisita, umepata jibu. Chapa kubwa kama Bosch na Makita zina bei ya juu. Ingco na Total ni za kadiri. Sikwambii uchague ipi. Nakwambia chagua ile ambayo fundi wa mji wako anaijua na vipuri vyake vipo.

*Waya au betri.* Huku Mosocho mvua na radi ni nyingi, na umeme hukatika. Jigso ya betri ilinivutia. Lakini betri na chaja yake huongeza bei sana, na betri nayo huchakaa. Aliye na keekee ya betri ya chapa fulani anaweza kununua jigso ya chapa hiyo bila betri na kuzichangia zote mbili. Huyo atapata nafuu. Mimi sina, nikachagua ya waya. Radi inaponguruma naichomoa ukutani, wala sitosheki na kuzima swichi.

Wembe hushinda mota

Jambo lililonishangaza ni kwamba nusu ya uzuri wa kazi imo katika wembe, kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kwa mbao za kawaida tumia wembe wenye meno 6 hadi 10 kwa inchi. Kwa plaiwudi na kazi safi, 10 hadi 14. Kwa chuma, 20 na zaidi. Kwa matao uwe mwembamba, kwani wembe mpana hauwezi kukata kona. Nyembe za chuma cha kaboni zinatosha mbao laini. Kwa mbao ngumu, zile za metali mbili zilizounganishwa hudumu zaidi.

Meno ya nyembe nyingi hutazama juu, kwa hiyo hukata wakati wa kupanda na huchanachana uso wa juu wa ubao. Basi uso mzuri ulaze chini, na mchoro wako uchore upande wa nyuma. Wembe ukianza kuacha ukingo mweusi wa kuungua, au ukilazimika kuusukuma, umekwisha. Ubadilishe siku hiyo hiyo. Ubahili wangu wa wembe mmoja ndio ulionigharimu msumeno mzima.

Mbao nazo nilibadilisha mwenendo. Sasa kwa marufaa natumia saipresi au grevilea, na hata hizo nazipanga kwanza chini ya paa, mbali na jua kali, nikitia vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Hukaa hivyo kwa miezi. Mkaratusi nimeuachia kazi nyingine.

Bei, bandia na riba

Nilionyeshwa jigso yenye jina la chapa kubwa kwa bei ya chapa ndogo. Herufi za jina zilikuwa zimepinda, kibandiko hakikuwa na namba ya kifaa, na muuzaji hakutaka kutoa risiti yenye muhuri. Nikaiacha. Bidhaa bandia ni dhuluma, na kuna sheria dhidi yake nchini tangu mwaka 2008, na kabla ya sheria hiyo, sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta ndani yake maji, akamkemea mwenye kuwaficha watu aibu ya bidhaa. Tafuta alama ya shirika la viwango, dai risiti, na omba kifaa kichomekwe mbele yako ukisikilize: sauti iwe ya mfululizo, cheche zisizidi, wembe usiyumbe.

Sasa turudi kwenye ule mkopo wa dakika tano, ambao ndio kosa la pili. Unakopa kiasi na kurudisha kiasi na nyongeza. Jina liwe ada au huduma, nyongeza ni ile ile. Sikuona vipi nitakata marufaa za kuwekea Kitabu cha Mwenyezi Mungu kwa msumeno ulionunuliwa kwa jambo ambalo Kitabu hicho kimelikataza. Duka moja lilinipa njia ya kulipa kidogo kidogo. Nikamuuliza maalim wetu, akanieleza kwamba wanachuoni wengi huruhusu mauzo ya malipo ya awamu, hata bei ikizidi ya taslimu, mradi ni bei moja iliyokatwa na kukubaliwa mwanzoni. Lakini faini inayoongezeka kwa kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Mkataba wa duka lile ulikuwa na faini. Nikaurudisha.

Nilichofanya ni vitu viwili rahisi ambavyo aibu ilikuwa inanizuia. Kwanza, nilikwenda kwa ustadhi wa madrasa nikamweleza ukweli: kifaa kimeungua, 18 ziko tayari, 12 zitachelewa. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Dada yangu, lete hizo, watoto wataanza kwa kushirikiana." Pili, nilimpigia simu ndugu yangu mmoja katika upatu wetu wa kina mama, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, nikamwomba tubadilishane zamu. Akakubali kabla sijamaliza maneno. Hakuna senti iliyoongezeka, na mwezi wa zamu yangu yeye ndiye aliyechukua.

Kabla ya kuwasha

Nyumbani kuna watoto, kwa hiyo kanuni zangu ni chache na hazivunjwi. Jigso huchomolewa ukutani kabla ya kubadilisha wembe. Ubao hubanwa mezani kwa jiliwa, haushikwi kwa mkono wala kwa goti. Mkono wa pili haupiti chini ya ubao, kwani wembe hutokeza huko. Ushungi naufunga nyuma ya shingo na ncha zake naziingiza ndani ya nguo. Mikono ya kanzu naibana. Buibui silivai penye kifaa kinachozunguka au kukata. Macho nayavika miwani. Vumbi la mbao si la kuchezea: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Basi navaa barakoa, nakata nje penye upepo, na nguo za kazi haziingii chumba wanacholala watoto.

Marufaa 12 zilizobaki nilizifikisha madrasa usiku wa kumi wa Ramadhani, zikiwa zimechelewa, lakini bila deni juu yake. Jigso ya zamani sikuitupa. Fundi alinirudishia ikiwa imefunguliwa, nami nimeiweka kwenye rafu karibu na mpya, ili kila ninapotaka kusukuma kwa nguvu nikumbuke kwamba wembe ukikataa, wa kulaumiwa mara nyingi ni mkono.

Mwenyezi Mungu atubarikie kazi za mikono yetu, azijaalie riziki zetu ziwe za halali, na awahifadhi watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.